Kompyuta Yetu Haijafa

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, katika kijiji kimoja karibu na mlango wa mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Tunayachapa kama yalivyosemwa.

   Mikorosho imeshatoa maua, na msimu wa kuuza hauko mbali. Kwa hiyo hatutasema maneno mengi kuliko yanayotakiwa.

Mkutano uliopita mlitutuma sisi watu watatu. Mlisema: nendeni mkaitazame kompyuta ya chama, mtuambie kama kweli imekwisha. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameitazama kabla yetu. Alisema imezeeka, haiwezi tena, inunuliwe nyingine. Bei aliyotaja ni shilingi 1,200,000. Chama chetu kina wanachama 240. Gawanyeni wenyewe: kila mmoja wetu angekatwa shilingi 5,000. Shilingi 5,000 si nyingi ukizitamka. Ni nyingi ukizikuta zimepungua kwenye malipo yako.

Tumeitazama. Jibu letu ni kwamba kompyuta haijafa. Sasa tutaeleza kwa nini tunasema hivyo, maana hatutaki mtuamini kwa sababu tumesimama mbele.

Kwanza tukumbushane ilivyokuwa. Kompyuta ina boksi lenyewe, ambalo watu wengi huliita sipiyu. Ndani ya boksi ndimo zilimo akili na kumbukumbu. Halafu kuna kioo cha kutazamia, ambacho mafundi hukiita monita. Boksi na kioo ni vitu viwili. Kioo chetu cha kwanza kilikuwa cha kichogo, kama televisheni za zamani. Kiliungua. Bodi ikanunua kioo bapa, kipana, cha inchi 18 na nusu. Boksi likabaki lile lile la zamani.

Tangu siku hiyo ndipo shida ilipoanza. Picha ilijaa kioo chote, lakini herufi zikanenepa. Herufi O ikawa kama yai lililolala. Picha ya ofisini tuliyopiga siku ya kufungua ghala ilionyesha watu wote wana nyuso pana, hata mzee wetu wa zamu, ambaye mnamjua alivyo mwembamba. Karani akawa analalamika macho na kichwa.

Basi, kwa nini picha inenepe?

Chukueni mfano wa jamvi. Jamvi la kwanza lina upana wa shibiri 4 na urefu wa kwenda juu shibiri 3. Vioo vya kichogo karibu vyote vilikuwa na umbo hilo. Jamvi la pili lina shibiri 16 kwa 9. Ndilo umbo la kioo kipya. Ukichukua picha iliyofumwa kwa jamvi la kwanza, ukaivuta mpaka ijaze jamvi la pili, itapanuka kwa pembeni tu. Haitakua kwenda juu. Hiyo ndiyo iliyotupata.

Tulipima kwa rula, hatukukisia. Kompyuta ina programu ya kuchora. Tulichora duara, tukaweka rula kwenye kioo. Kwenda juu tulipata sentimita 9. Kwa upana tulipata sentimita 12. Duara la kweli hupimwa sawa pande zote. Tofauti ya 9 na 12 ndiyo tofauti hasa ya majamvi yale mawili. Yeyote mwenye rula na penseli anaweza kufanya kipimo hicho ofisini kwake, bila kumlipa mtu.

Sasa tuingie ndani kidogo. Picha ya kompyuta haichorwi kwa mistari kama tunavyochora sisi. Imeundwa kwa vinukta vidogo vidogo vya rangi, vimepangwa kama shanga. Kompyuta yetu ilikuwa inatoa vinukta 1024 kwa upana na 768 kwa kwenda juu. Ukizidisha unapata vinukta 786,432. Kioo kipya kimejengwa kwa vinukta 1366 kwa upana na 768 kwa kwenda juu, yaani 1,049,088. Kioo kina nyumba nyingi kuliko wageni waliofika. Kikawanyoosha wageni wale wachache walale katika nyumba zote. Ndiyo maana herufi zilionekana nene na tena zina ukungu. Idadi hiyo ya vinukta mafundi huiita resolusheni.

Mtauliza: je, boksi la zamani lina nguvu ya kutoa vinukta vyote hivyo? Hilo ndilo swali la maana, maana fundi wa mjini alisema halina. Hesabu inakataa. Kila kinukta huchukua nafasi ya baiti 4 katika kumbukumbu. Vinukta milioni moja na kidogo vinataka megabaiti 4 tu. Boksi letu lina megabaiti 512. Na chipu za picha za miaka ile hazikuwa dhaifu hivyo. Kwa mfano, chipu ya Intel 865G, iliyotoka mwaka 2003, inaweza kutoa vinukta 2048 kwa 1536. Hivyo ni vingi kuliko tunavyovitaka sisi, karibu mara tatu.

Basi kama nguvu ipo, kinachokosekana ni nini? Ni maarifa. Kompyuta haikijui kioo ilichofungiwa. Ni kama fundi cherehani mzuri, lakini daftari lake la vipimo limeandikwa nguo za watoto peke yake. Akija mtu mzima, fundi anamshonea kwa kipimo cha mtoto, halafu nguo inavutwa mpaka iingie.

Kabla ya kusema tulifanya nini, tueleze kwa nini tumelishikilia jambo hili. Wengine wanasema: herufi nene zina ubaya gani? Si zinasomeka?

Ndugu wanachama, tazameni orodha ya mauzo. Ina safu 12. Namba, jina, tarehe, magunia, kilo, daraja, bei, jumla ya fedha, gharama ya ghala, usafiri, ushuru, na mwisho kabisa fedha anayolipwa mkulima. Kila safu kwenye kompyuta yetu inachukua upana wa vinukta 100 hivi. Kwenye picha ya vinukta 1024 zinaonekana safu 10. Mbili za mwisho zimejificha nje ya kioo. Safu hizo ni zipi? Ni ushuru, na fedha anayolipwa mkulima.

Karani anaweza kusogeza orodha ili safu hizo zionekane, ni kweli. Lakini akiisogeza, jina linaondoka upande wa pili. Unabaki unaoneshwa tarakimu, hujui ni zako au za jirani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza hapa Mtwara mwaka 2007, korosho yetu inapita ghalani, inauzwa kwa mnada, na fedha inarudi kwetu baada ya makato. Mkulima anakutana na hesabu yake mara moja tu, pale kwenye mstari wenye jina lake. Sisi tuliokwenda darasa la kisomo tukiwa na wajukuu tulikwenda kwa ajili ya mstari huo. Sasa tumejua kusoma, na mstari haufiki mwisho!

Kwa upana wa vinukta 1360 zinaingia safu 13. Kwa hiyo zote 12 zinaonekana pamoja, jina mpaka fedha. Ndiyo faida ya kioo kipana. Bodi ilikinunua kwa fedha yenu, na mpaka juzi kilikuwa kinaonyesha kile kile kilichoonyeshwa na kioo cha kichogo, ila kwa unene.

Haya, tulifanya nini?

Tulianza na waya. Wengi hudharau waya. Ule unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye kioo huitwa waya wa VGA, aina iliyoanza mwaka 1987. Ncha yake ina matundu au pini 15, mistari mitatu ya pini tano tano. Pini nyingine hupeleka rangi: nyekundu, kijani na buluu. Lakini pini ya 12 na ya 15, zote za mstari wa tatu, hazipeleki picha. Kwa njia hizo kompyuta humsikiliza kioo. Kioo huiambia: mimi ni wa kampuni fulani, upana wangu ni huu, vinukta vyangu ni hivi. Utaratibu huo wa kioo kujitambulisha ulianza mwaka 1994. Sasa pini hizo zikikatika, picha inakuja kama kawaida, rangi zote zipo, lakini kompyuta imekuwa kiziwi. Inakisia tu.

Tuliuchomoa waya, tukautazama kwenye mwanga. Mstari wa tatu ulikuwa na kutu, na pini moja imeliwa na kukatika kabisa. Mnajua hewa yetu hapa. Upepo wa bahari una chumvi. Bati linaliwa, msumari unaliwa, baiskeli inaliwa. Anayekaa Msimbati au Mikindani hahitaji kufundishwa. Waya nao ni chuma.

Hapa tuwape tahadhari. Waya mwingi wa namna hii hauna pini ya 9, hutengenezwa hivyo tangu kiwandani. Ukiona tundu moja tupu kwenye mstari wa pili, usishtuke. Na asije mtu akakuuzia waya mwingine kwa sababu ya pini hiyo.

Waya mpya tulinunua mjini kwa shilingi 10,000. Kompyuta ilizimwa, waya ukafungwa, na zile skrubu mbili za pembeni zikakazwa. Watu wengi huziacha skrubu. Waya ukilegea, pini hupinda.

Baada ya hapo kompyuta ilikitambua kioo kwa jina lake. Tulifurahi, lakini safari haikuwa imekwisha. Tulibofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye kioo. Ikaja orodha ya maneno. Neno la chini kabisa ni Properties. Ndani yake kuna Settings, na humo kuna kijiti cha kusogeza kulia na kushoto. Hicho ndicho hubadilisha idadi ya vinukta. Mtu aliyemaliza kisomo anaweza kuyasoma maneno hayo herufi kwa herufi hata kama hajui Kiingereza. Hiyo ni kwa Windows XP, tuliyo nayo sisi. Kwenye Windows 7 neno lenyewe, Screen resolution, hujitokeza mara moja.

Tulisogeza kijiti. Tulikuta 800 kwa 600. Tulikuta 1024 kwa 768. Tulikuta 1280 kwa 1024. Vyote ni vipimo vya vioo vya zamani. Kipimo chetu hakikuwemo.

Hapo ndipo tulipofikia kwenye draiva. Jina hili huchekesha. Draiva si mtu wa kuendesha gari, ingawa kazi inafanana. Ni programu ndogo inayoongoza chipu ya picha. Bila yeye chipu haijui pa kwenda. Draiva tuliyoikuta ilikuwa ya zamani sana. Iliandikwa wakati vioo vipana vilikuwa vichache madukani, kwa hiyo orodha yake ya vipimo haikuwa navyo. Kampuni za chipu ziliendelea kutoa draiva mpya kwa miaka kadhaa baadaye, na nyingi ziliongezewa vipimo vya vioo vipana. Mtu aliyetupigia Windows upya miaka iliyopita alitumia ile ya kwanza iliyokuwa kwenye sidii.

Draiva mpya kidogo tuliipata kwa kufuata namba iliyobandikwa kwenye boksi. Kila kompyuta ya kampuni kubwa ina kibandiko hicho, nyuma au ubavuni. Kwenye Dell, kwa mfano, ni herufi na tarakimu 7. Unaiandika kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, unapewa draiva za mashine ile ile. Mwenzetu fundi wa simu aliipakua kule mjini akaja nayo kwenye flashi. Msichukue draiva mahali pengine popote panapojitangaza kwamba pana draiva za bure za kila kompyuta. Nyingi huja na virusi, na virusi vikiingia kwenye orodha ya mauzo, habari itakuwa nyingine.

Tuliiweka, tukazima, tukawasha. Tukasogeza kijiti. Safari hii kikaenda mbali zaidi, kikasimama penye 1360 kwa 768.

Mwenzetu mmoja akasema, mbona si 1366 kama ilivyoandikwa kwenye boksi la kioo? Kaa nayo hesabu hii, maana ni ya kweli na tuliifanya chini kwa mkaa. Chipu nyingi za zamani huhesabu vinukta vya upana kwa mafungu ya nane nane. Gawa 1360 kwa 8: unapata 170 kamili. Gawa 1366 kwa 8: unapata 170, inabaki 6. Hao 6 hawana fungu, wanaachwa. Hasara ya vinukta 6 katika 1366 huioni kwa jicho. Labda ukingo mmoja mwembamba kama uzi.

Tulikubali. Kioo kikawa cheusi kwa muda. Hapa wengi huogopa, wakaanza kubonyeza kila kitufe. Msibonyeze. Hesabuni mpaka 15. Kama kipimo hakikifai kioo, Windows inangoja sekunde 15 halafu inarudisha picha ya zamani yenyewe. Kwetu picha ilirudi ikiwa nzuri, ila imeegemea kushoto kidogo. Kioo chenyewe kina kitufe kilichoandikwa Auto. Tulikibonyeza mara moja, picha ikakaa katikati.

Tulichora tena duara. Juu sentimita 9. Upana sentimita 9.

Bibi mmoja alikuwa amekaa ofisini akingoja karani. Akatuuliza: "Wanangu, mkibadili hivyo vipimo, majina yetu hayatafutika?" Ni swali zuri, na huenda wapo wengine wanaojiuliza vivyo hivyo. Hapana, bibi. Kubadili vinukta ni kama kufungua dirisha zaidi. Shamba lililo nje halikatwi. Orodha ni ile ile, tarakimu ni zile zile. Tulifungua daftari la karatasi tukalinganisha mistari 20 mbele yake.

Akauliza pia kama herufi zitakuwa ndogo, maana macho yake si ya jana. Kwetu hazikupungua kimo, kwa sababu kwenda juu vinukta vilikuwa 768 na vimebaki 768. Zimeacha kunenepa tu. Kwenye vioo vikubwa vya vinukta 1920 kwa 1080, hapo ndipo herufi huonekana ndogo, na inabidi karani azikuze.

Sasa tuseme kwa ajili ya vyama vingine, maana tunasikia wenzetu wa vijiji vya bondeni nao wana shida hii. Si kila kompyuta itapona kwa waya na draiva. Ziko ambazo orodha ya vipimo imeandikwa ndani ya chipu yenyewe, na draiva inaifuata hiyo. Kompyuta zenye picha ya Intel za miaka ile zilijulikana kwa hilo. Watumiaji wa Linux walitengeneza programu ndogo iliyofuta mstari mmoja wa orodha ile na kuandika kipimo kipya, kila mara kompyuta ilipowashwa. Linux za miaka ya baadaye hazihitaji dawa hiyo; huuliza kioo na kujiwekea. Linux haiuzwi, lakini inataka mtu wa kuifundisha, na karani aliyezoea Windows atanung'unika wiki ya kwanza.

Njia nyingine ni kuongeza kadi ya picha, hata iliyotoka kwenye kompyuta iliyokufa. Fungueni boksi kwanza mtazame nafasi iliyopo. Nafasi za PCI, AGP na PCI Express hazifanani, na kadi ya moja haiingii kwenye nyingine. Kama boksi ni jembamba, kadi lazima iwe fupi. Tunamjua mtu aliyenunua kadi nzuri, akabaki nayo mkononi.

Na kama yote yameshindikana, tafuteni kwenye vitufe vya kioo palipoandikwa 4:3. Vioo vingi vinapo. Picha itakuwa na umbo la haki, na pembeni itabaki mistari miwili myeusi. Safu hazitaongezeka, lakini karani hataumwa kichwa.

Jambo moja hatuwezi kulificha. Kampuni ya Microsoft iliacha kuilinda Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Hata Windows 7 ililindwa mpaka Januari 2020 tu. Kompyuta yetu inafaa kuandika na kusoma orodha. Haifai kuunganishwa na intaneti, wala kufungulia mambo ya benki. Tumeuondoa waya wa intaneti, na tunapendekeza ubaki umeondolewa. Orodha inakiliwa kwenye flashi mbili kila jioni. Moja inakaa kwa karani, moja kwa mweka hazina. Mkitaka kompyuta ya kwenda na intaneti, hilo ni jambo lingine, na mlijadili kwa jina lake. Lisije likaingizwa kwa kisingizio cha herufi nene.

Fedha tuliyotumia ni hii. Waya, shilingi 10,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi kwa mtu mmoja, ipo kwenye risiti tuliyomkabidhi mweka hazina. Draiva hailipiwi. Zile 1,200,000 hazijaguswa.

Waya wa zamani uko hapa mezani. Upitisheni kwa mkono, kila mmoja auone mstari wa tatu. Orodha ya msimu uliopita imefunguliwa ofisini kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi, kabla jua halijapiga kwenye dirisha. Njoo na stakabadhi yako, keti mwenyewe kwenye kiti cha mbele, usome kuanzia jina lako mpaka safu ya 12. Karani ameshaambiwa asimsomee mtu ambaye hajaomba kusomewa.